Tunampumzisha baba, mbona anazidi kudhoofika?

Swali:

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 73. Alikuwa mwalimu wa hesabu kwa zaidi ya miaka 30. Mama alifariki mwaka juzi, na miezi minane iliyopita tulimhamishia kwangu ili asibaki peke yake. Hapa kwangu hafanyi kazi yoyote. Tunampikia, tunamfulia, hata nguo za kuvaa tunamwekea kitandani. Mwanzoni alikuwa akishughulika bustanini, ila siku moja akaanguka. Hakuumia sana, lakini nikamkataza kutoka peke yake. Sasa anashinda kwenye kiti kimoja toka asubuhi mpaka jioni, televisheni mbele yake, na mkononi ana funguo za nyumba yake ya zamani ambayo sasa wanaishi wapangaji. Amepungua mwili. Ukimwongelesha anajibu kwa mkato, na wakati mwingine ni kama hasikii. Juzi alisema, 'Mimi kazi yangu imekwisha.' Ana presha na dawa zake anameza. Nimemnunulia vitamini za wazee za bei kubwa, sioni tofauti. Ndugu zangu wanasema huu ni uzee tu, tumwache apumzike. Ni kitu gani hasa kinachomfanya mzee abaki na afya na furaha? Tunakosea wapi?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mama, na pole kwa kumwona baba akififia mbele ya macho yako huku ukimfanyia kila unaloweza. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja. Naona ndani yake maswali mawili: je, hali ya baba ni uzee wa kawaida? Na je, kuna jambo mngeweza kulifanya ambalo hamlifanyi? La kwanza jibu lake ni hapana. La pili, jibu langu huenda likakushangaza, kwa sababu kubwa kuliko yote ni kwamba kuna mambo mnayoyafanya kwa mapenzi makubwa ambayo itabidi myapunguze.

Uzee wenyewe huenda taratibu. Mtu anayezeeka tu hupunguza mwendo mwaka hadi mwaka, hata majirani hawaoni. Hatoki bustanini na kugandia kitini ndani ya miezi minane. Hali ikibadilika kwa kasi hiyo, sisi tunaotibu wazee tunaanza kutafuta sababu, na mara nyingi hatukuti moja pekee. Tunakuta masikio yaliyofifia, dawa isiyomfaa, msiba ambao haujapata pa kupumulia, miguu iliyoishiwa nguvu, nyumba ngeni. Kila moja peke yake angeivumilia. Zikikutana, zinamlaza. Lakini hapo hapo ndipo penye matumaini, maana ukiondoa mbili au tatu kati ya hizo, mzee huweza kuinuka hata kama nyingine zimebaki.

Tuanze na kiti. Mwili ni bahili. Msuli ni kiungo chenye gharama kukilisha, na ule usiotumika mwili hauendelei kuulisha. Kijana akilala wiki mbili kwa ugonjwa, misuli yake hurudi bila hata yeye kujua. Mzee hupoteza haraka na kurudisha kwa taabu, kwa sababu seli za misuli yake zimekuwa kama mtu mgumu wa kusikia: amri ya kujenga, ambayo hutoka kwenye protini ya chakula na kwenye kazi nzito, lazima itolewe kwa sauti kubwa zaidi ndipo ziitike. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu 12 wenye afya njema, wastani wa umri wao miaka 67, walikubali kulala kitandani kwa siku 10. Hawakuwa wagonjwa, na chakula walipewa cha kutosha. Siku 10 hizo zilipoisha, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo 1 ya nyama. Sasa fikiria miezi ya kiti.

Tena msuli haupungui wote sawasawa. Ndani yake kuna nyuzi za kustahimili, zinazokuwezesha kusimama na kutembea polepole, na kuna nyuzi za kasi, zile zinazofyatuka ukijikwaa na kuupeleka mguu mbele kabla hujafika chini. Hizi za kasi ndizo zinazopungua zaidi uzeeni. Kwa hiyo baba anaweza bado kutoka sebuleni hadi chumbani na mkaona yuko salama, kumbe akiba yake ya kujiokoa inakwisha. Ulimzuia kutoka ili asianguke, na kila wiki ya kukaa inamsogeza karibu na kuanguka kwingine, safari hii pengine usiku akielekea chooni. Silisemi hili kukulaumu. Familia nyingi ninazoonana nazo zimefanya hivyo hivyo, na zote zilifanya kwa kumpenda mzee wao.

Je, kinachopotea kinarudi? Kinarudi, hata kwa umri mkubwa kuliko wa baba. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake huko Boston waliwafundisha wazee dhaifu wa nyumba ya kutunzia wazee mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Walikuwa 10, wastani wa umri miaka 90, mmoja ana 96. Baada ya wiki 8 tu, nguvu za miguu za wale 9 waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wakatembea kwa kasi zaidi. Ni kundi dogo, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea huko huko. Siri yake ilikuwa uzito wa kweli. Kuzungusha vidole na kunyoosha shingo hakujengi miguu.

Huhitaji mashine. Kiti hicho hicho kinachomdhoofisha ndicho kitakachomtibu. Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze, naye akae katikati, akunje mikono kifuani. Wewe simama karibu. Hesabu ni mara ngapi anaweza kusimama wima kabisa na kuketi tena ndani ya sekunde 30. Kwa mwanamume wa miaka 70 hadi 74, chini ya mara 12 ni chini ya wastani, na ni ishara kwamba hatari ya kuanguka imepanda. Akishindwa kabisa bila kujishika, basi namba yake ya leo ni 0, na hapo ndipo mtakapoanzia: asimame mara 5 akijisaidia kwa mikono, apumzike, arudie, siku 3 kwa wiki. Ikiwa rahisi, aache kujishika. Ikiwa rahisi tena, ashike kitu chenye uzito kifuani. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi vikitokea, mnaacha hapo hapo na kumwona daktari. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kila wiki, mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, na kwa wenye miaka 65 na kuendelea, mazoezi ya kusimama imara bila kuyumba siku 3 au zaidi. Msianze na hizo 150. Anzeni na kiti.

Na kwa kuwa baba ni mwalimu wa hesabu, usimhesabie wewe. Mpe daftari aandike mwenyewe tarehe na namba, na akitaka achore na grafu. Nina mgonjwa aliyekuwa mhasibu ambaye huniletea jedwali lake kila tunapoonana, na akilifungua mezani mgongo wake wote hunyooka kabla hajasema neno.

Sasa bustani. Kati ya watu waliovuka miaka 65, takriban mmoja kati ya watatu huanguka walau mara moja kwa mwaka, kwa hiyo hofu yako ina msingi. Nyonga ikivunjika uzeeni ni jambo zito, wengine hawarudi walivyokuwa. Lakini kabla ya kumfungia ndani, uliza kwa nini alianguka. Alijikwaa? Alishikwa na kizunguzungu aliposimama ghafla baada ya kuinama? Alivaa ndala? Miwani ni ya lini? Mpime presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika 1, na tena dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huenda dawa ya presha au upungufu wa maji mwilini ndio uliomwangusha, na hilo linarekebishika kwa daktari. Msimpunguzie dawa wenyewe.

Una njia tatu. Ya kumzuia unaijua sasa inakoelekea. Ya kumwachia tu, kama vile hajaanguka, siipendi. Ya tatu ndiyo ninayoiunga mkono: kutafuta chanzo, kuimarisha miguu, kumnunulia viatu vinavyoshika kisigino, kuondoa mipira ya maji na mawe njiani, na kumrudisha bustanini kwanza kwa nusu saa asubuhi, simu ikiwa mfukoni. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Karibu robo, mwanangu, hatari yote haiondoki. Siwezi kukuahidi kwamba hataanguka tena. Ila akili yake ni nzima, na hatari hiyo ni yake kuipima. Kaa naye, mweleze unachokiogopa, umsikilize naye anachokiogopa. Huenda mkakuta hamuogopi kitu kimoja.

Naja kwenye jambo lililonigusa zaidi katika barua yako. Ulizitaja zile funguo kwa kupita tu, mimi nikasimama hapo. Mwalimu aliyeingia darasani miaka 30, watoto wakasimama, aliyekuwa na nyumba yake na mlango wake, leo hata shati la kuvaa anachaguliwa. Aliposema "kazi yangu imekwisha" hakuwa akitia chumvi. Alikuwa akieleza anachokiona.

Zamani kidogo waliniletea fundi cherehani mmoja, mzee wa miaka 79, ambaye watoto wake walikuwa wameiuza cherehani yake ili, kama walivyosema, mikono yake ipumzike. Alikuwa haongei. Nilipoinama kumsikiliza moyo, aliushika ukingo wa koti langu, akausugua kwa kidole gumba, akasema, "Huu mshono umekimbia." Ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza siku hiyo. Nikamwomba anirekebishie. Binti yake akasema haraka, "Baba haoni vizuri." Kweli haoni vizuri, lakini alihitaji tu mtu wa kumtungia uzi kwenye sindano. Alichukua muda mrefu, mshono wake haukuwa kama wa cherehani, na koti lile nililivaa mpaka lilipochakaa. Sikumponya kitu siku ile. Ila nilijua dawa yake ilikuwa wapi, na watoto wake pia wakaona.

Kuna utafiti mashuhuri wa mwaka 1976, wa Ellen Langer na Judith Rodin, katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Connecticut, Marekani. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha yao ni juu yao: wapange vyumba vyao wapendavyo, wachague siku ya kutazama filamu, na kila mmoja achague mmea na kuutunza mwenyewe. Wa ghorofa nyingine nao walipewa mimea, ila waliambiwa wauguzi ndio watakaoimwagilia, na kwamba wahudumu wapo kuwafanyia kila kitu. Baada ya wiki 3 tu, wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi, wakishiriki mambo mengi zaidi, na wao wenyewe walisema wana furaha zaidi. Ni utafiti mdogo na wa zamani, sitaki kuutwika mzigo usioubeba. Lakini nikisoma barua yako naona nyumba ya wauguzi wanaomwagilia mmea wa mtu mwingine.

Kwa hiyo mrudishieni baadhi ya mambo yake. Shati achague mwenyewe, hata kama halilingani na suruali. Mpe ufunguo wa mlango wako wa mbele, auunganishe na zile alizo nazo. Na mpe kazi ambayo asipoifanya itaonekana haijafanyika. Hapa watu wengi hukosea: humpa mzee shughuli ya kumpitishia muda, naye huitambua mara moja. Kama nyumbani kuna mtoto anayesumbuliwa na hesabu, huyo ni mwanafunzi wake kila jioni saa ile ile, na wewe usiingilie njia zake za kizamani za kugawanya. Kama kuna bajeti ya nyumba, daftari liwe kwake. Hesabu za kodi ya wale wapangaji azishike mwenyewe kama alivyokuwa akishika zamani, na mambo makubwa ya ile nyumba aulizwe yeye kabla hayajaamuliwa.

Najua atakwambia hawezi tena kama zamani, na kweli hawezi. Wanasaikolojia Paul na Margret Baltes walipoeleza namna watu wanavyozeeka vizuri, walipenda kumtolea mfano mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyeendelea kupiga mbele ya hadhira akiwa na miaka 80. Alipoulizwa anafanyaje, alieleza kwamba anapiga vipande vichache zaidi, vile vichache anavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu ya kasi anapunguza mwendo makusudi ili kasi inayofuata isikike kubwa kuliko ilivyo. Kwa baba hiyo ina maana ya tuta moja badala ya bustani nzima, jembe jepesi, kazi ya asubuhi kabla hajachoka, na kigoda cha kupalilia akiwa ameketi. Kupunguza eneo si kuacha kulima.

Umeandika kwamba "ni kama hasikii." Mwanangu, inawezekana kabisa hasikii. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti nyembamba ndizo hufa kwanza, na sauti hizo ndizo zinazobeba herufi kama s, f, t na sh. Irabu anazisikia vizuri, kwa hiyo anajua unaongea, ila hapati unachosema. "Fika", "shika" na "pika" humfikia kama neno moja lisilo na kichwa. Akiomba urudie mara ya tatu anaona aibu, basi hujibu "sawa" na kunyamaza, nanyi mnadhani amepoteza hamu ya mazungumzo. Ukipaza sauti unaongeza zile irabu alizokuwa akizisikia tayari, na uso wako unakuwa kama wa mtu aliyekasirika. Zima televisheni, kaa mbele yake kwenye mwanga aone midomo yako, sema polepole kwa sauti ya kawaida. Kisha akapimwe masikio. Kwanza waangalie nta, maana wapo waliorudi kusikia kwa kusafishwa tu.

Usikivu una uhusiano na akili pia. Ripoti ya mwaka 2024 ya jopo la jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoweza kubadilishwa ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) duniani. Kupoteza usikivu ni moja, na yamo pia presha, upweke, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu) na kukaa bila kuushughulisha mwili. Je, kifaa cha kusikilizia huzuia dimenshia? Nikuambie ukweli ulivyo: jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2023 halikuona tofauti ndani ya miaka 3 kwa washiriki wote kwa jumla, ila kwa wale waliokuwa kwenye hatari kubwa tangu mwanzo, kasi ya akili kufifia ilipungua karibu nusu. Mimi ningemvalisha kifaa hata kama hilo la dimenshia lisingekuwepo, kwa ajili ya mazungumzo ya chakula cha jioni peke yake.

Kuhusu watu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 300,000 wakakuta kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa karibu asilimia 50, wa kuwa hai mwisho wa kipindi cha utafiti. Ni kweli mgonjwa naye hupoteza marafiki kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo si idadi hiyo yote ni kazi ya urafiki. Hata hivyo uzito wake haupuuziki. Lakini usikimbilie kumjazia nyumba watu. Wazee wengi hupunguza marafiki kwa hiari na kubaki na wachache wa karibu, na wengi huridhika hivyo. Upweke wa baba si wa kukosa watu, maana nyumba yako imejaa. Amekosa anayemjua tangu kabla hajawa mzee. Muulize ni nani anammisi katika walimu wenzake au majirani wa zamani, mpange siku ya simu, siku ile ile kila wiki. Na mtajeni mama yako mezani. Familia nyingi hunyamaza ili zisimuumize mzee, naye hunyamaza ili asiwaumize wao, mwisho marehemu anabaki bila jina ndani ya nyumba.

Hapa lazima niseme wazi kuhusu sonona. Uzeeni mara nyingi haiji kwa machozi. Huja kwa kukosa hamu ya chakula, kuamka alfajiri mno, maumivu yasiyo na chanzo, kuacha alivyovipenda, na maneno kama "mimi ni mzigo." Baba ana dalili kadhaa, na msiba haujapoa. Sonona si sehemu ya uzee, na ina tiba, ya mazungumzo na ya dawa, ambayo wazee huitikia. Kuna swali moja inabidi umuulize, ukiwa naye peke yenu: "Baba, kuna wakati unatamani usiwepo? Umewahi kufikiria kujidhuru?" Watu huogopa kwamba kuuliza kutamwekea wazo hilo kichwani. Hakumwekei. Humpa ruhusa ya kusema. Katika nchi nyingi wazee wa kiume ndio wanaojiua kwa kiwango cha juu zaidi, na wengi huondoka bila mtu kuwauliza. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Vitamini nitazipitia haraka. Kwa mtu asiye na upungufu, vidonge vya jumla haviongezi nguvu wala miaka. Vitamini B12 ni suala tofauti, kwa sababu tumbo la mzee hulegea katika kuinyonya na upungufu wake huweza kuleta uchovu, ganzi miguuni na usahaulifu unaofanana na dimenshia. Apimwe, na kama imepungua apewe hiyo. Fedha iliyobaki ielekeze kwenye protini: mayai, samaki, maziwa, kunde, nyama. Wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani mzee wa kilo 60 afikie gramu 60 hadi 72, zikigawanywa kwenye milo yote badala ya kurundikwa jioni. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Sasa, ya kukimbizana nayo. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, uso au mkono kulegea upande mmoja, maneno kukwama, maumivu ya kifua, kuzimia, au kuanguka na kugonga kichwa, hasa kama anameza dawa za kuyeyusha damu: hayo ni ya dharura, hayangoji kesho. Kupungua uzito bila kukusudia, kama alivyopungua baba, hakuhitaji king'ora, lakini kunahitaji miadi ndani ya wiki hizi, wala kusifunikwe kwa kusema ni majonzi. Apimwe damu, sukari, figo, tezi ya shingo, B12, macho, masikio, na meno pia, maana mdomo unaouma haulishi mtu.

Siku ya kwenda, tia kwenye mfuko kila anachomeza, zikiwemo dawa za mafua, za usingizi, za mitishamba na zile vitamini. Baadhi ya dawa za kawaida kabisa, hasa za usingizi na za mzio zinazoleta usingizi, humfanya mzee awe mzito wa akili na mlegevu wa miguu, na mara nyingi hakuna daktari aliyewahi kuziona zote zikiwa mezani pamoja. Aende na lile daftari la kiti. Na mkishaketi chumbani, daktari akiuliza "mzee anajisikiaje?", utajikuta umefungua mdomo kujibu, kwa sababu umezoea kumjibia. Ngoja. Atachukua muda kutafuta maneno, pengine muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Mwache ayatafute, na yako useme baada ya yake.